Kahawa ya Barazani Si Kahawa

Mume wangu Azzan anauza mashuka Mtaa wa Sikukuu, na kwa ubishi hana mpinzani Kariakoo nzima. Tangu binti yetu Samah aposwe, usingizi ukamhama. Moyo mbio, mikono inatetemeka, mteja akitaka shuka la futi sita anafungiwa la tano. Kisa? Siku ya nikaha yeye ndiye atakayemwozesha binti kwa kinywa chake, na kila akijaribu kuyatamka yale maneno mbele ya kioo, sauti inakatika.

"Nikishindwa, ataozesha mdogo wangu Yasser," akasema siku moja.

Samah alilia hadi macho yakavimba. Anamtaka baba yake, hamtaki ami. Hasira zikanipanda, nikamburuta Azzan mpaka zahanati.

"Vidonge vya usingizi ni vya siku chache tu, mzee wangu, mwili usije ukavizoea," daktari Severine akamweleza. "Hiki ni cha wasiwasi. Unameza kila siku, nacho hakina haraka, utaona nafuu baada ya wiki kadhaa. Tuanze na hiki. Na vidonge vya jirani usiviguse."

Alijuaje kwamba Azzan alishameza vidonge vya jirani yetu Bi Kuruthumu, sijui.

"Kahawa unakunywa?"

"Sinywi."

Nikamgeukia. "Azzan! Na kwa Mbaruku je?" Mbaruku ndiye muuza kahawa wa mtaani kwetu. Birika lake likishatoa moshi, mume wangu yuko benchi, tangu alasiri mpaka isha.

"Ile si kahawa," akajibu bila haya. "Ile ni baraza. Mtu akikukaribisha kikombe utamkatalia?"

"Kwa siku vikombe vingapi?"

"Daktari, kwani salamu huhesabiwa?"

Severine akaweka kalamu chini. "Baraza nenda, mzee. Kahawa acha."

Wiki zile tulikiona. Alikuwa anakaa benchi na kikombe cha maji ya moto, kanuna, anawaharibia wenzake hata mazungumzo ya Simba na Yanga.

Siku ya nikaha ikafika. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, sisi wanawake ndani tunasikiliza kwa spika. Sheikh akaanza hotuba. Katikati ikaingia sauti nyingine, nikadhani jenereta la jirani. Kumbe mkoromo! Kipaza sauti kilikuwa mbele ya Azzan. Usingizi uliomkimbia muda wote ule ulimrudia mbele ya sheikh, na mtaa mzima unausikia.

"Basi nitaozesha mimi," ikasikika sauti ya Yasser.

Nikatoa kichwa dirishani. "Thubutu! Aliyemlea yupo!"

Samah, hina mikononi, alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Mwacheni apumzike. Nitamsubiri."

Sheikh, Mungu amjaalie, akaianza hotuba upya, taratibu. Pilau likapoa. Hatimaye Azzan akashtuka mwenyewe, akaushika mkono wa bwana harusi, Mohammed, akayatamka maneno yote bila kukwama hata mahali pamoja. Nililia, wala sioni aibu kusema.

"Nimekubali," Mohammed akajibu, lakini kwa sauti iliyotetemeka hadi spika ikakwaruza.

Kisha tukamsikia Azzan, kwa upole ambao sijapata kuusikia toka kwake:

"Wewe mwanangu, usingizi unapata?"

"Sipati, baba. Tangu nilipoposa."