Benchi la Baba Jumbani Thurnholt

Mama alitaka kitu kimoja tu: kukaa kwenye benchi la baba siku ambayo baba angetimiza miaka themanini. Kwa kawaida huenda peke yake kwa basi. Safari hii aling'ang'ania nimpeleke kwa gari, mimi ambaye siwezi kuliona jumba la Thurnholt bila kuudhika. Lilijengwa kwa faida ya sukari na watu ambao hawakuwahi kukata muwa hata mmoja, na leo tunalipa kiingilio ili tukashangae mapazia yao.

Mlangoni, mwanamke wa kujitolea alituambia mikoba iachwe kabatini.

"Huu una dawa zangu," mama alisema, akaukumbatia.

"Oo, samahani sana, mama."

"Hapana, mimi ndiye wa kuomba samahani."

Wangeendelea kuombana radhi mpaka jioni kama nisingemvuta mama mkono.

Bustanini ndiko kulikonimaliza. Siku hizi kila kiangazi wanamwalika msanii aje "azungumze na nyumba", kana kwamba nyumba ililalamika kuwa na upweke. Bwawani walikuwa wameweka puto la plastiki la rangi ya waridi, kubwa kuliko gari letu. Kwenye nyasi vitanda vya chuma vilisimamishwa wima, na watu wazima wakavizunguka mikono nyuma, vichwa vimeinamishwa upande, wakiguna "mmm". Hakuna aliyethubutu kusema haelewi kitu. Baba angelitazama lile puto mara moja tu, akauliza mtoto wa nani kalisahau.

Ndivyo alivyokuwa baba, Wilfred Tansley. Kila Jumapili alikaa kando ya ukuta wa bustani ya mboga, akila sandwichi ya mayai na kutoa kasoro. Waridi zimepogolewa vibaya. Chai ya mgahawani ni maji ya kuoshea vyombo. Mama alikuwa akimgusa goti: "Polepole, Wilf, watasikia." Alipofariki tulilitolea jumba benchi, kama wengi wanavyofanya, likawekwa palepale na kibao kidogo cha shaba: "Wilfred Tansley. Alikaa hapa na hakuridhika." Maneno alichagua mama mwenyewe.

Tulipofika ukutani, benchi halikuwepo. Ilibaki nyasi ya manjano pale miguu yake iliposimama.

"Labda liko ndani," mama alisema.

"Ndani? Benchi la bustani?"

"Tukaangalie tu, Hazel."

Lilikuwa ndani kweli. Katika ukumbi wa dansi walikuwa wamekusanya mabenchi ya marehemu wa watu, wakayageuza yatazame ukuta mtupu. Ukutani waliandika jina la kazi hiyo: "Hawapo". Na juu ya kila benchi waliweka ua kavu la miiba, lile lile wanaloliweka kwenye viti vya kifahari ili mtu asikae. Hawahitaji kamba wala askari. Sisi Waingereza tukiwekewa ua la miiba tunasimama kimya mpaka miguu ife ganzi.

Mama alisimama nyuma ya benchi la baba, akaweka mkono juu ya kibao. Nikamwita kijana aliyekuwa akisimamia maonyesho. Alijitambulisha kama Jolyon. Alivaa koti la kibarua, la bluu, ambalo halijawahi kuona tope.

"Mama yangu anaomba akae dakika chache. Hili ni benchi la mumewe."

"Ningependa sana," Jolyon alisema, akiinamisha kichwa. "Lakini sasa ni kazi ya sanaa. Mtu akikaa, maana inavunjika."

"Maana gani?"

"Kutokuwepo."

"Baba yangu hayupo tangu mwaka juzi. Hakuhitaji msaada wako!"

"Tulizitafakari sana familia..."

"Mlitafakari! Simu je, ilikuwa nzito kuinua?"

Hapo hasira zikanipanda. Nilimwambia kuhusu vitanda, kuhusu puto, kuhusu koti lake. Nilimwambia kwamba watu wote mle ndani wamechoshwa ila wanaona haya kukiri. Watu wote waligeuka, kisha wakaanza kuvitazama viatu vyao. Yule mwanamke wa mlangoni alikuja mbio kunituliza. Nilisubiri mama aniambie polepole, watasikia. Hakuniambia.

Nilipoishiwa pumzi ndipo aliponigusa mkono. "Inatosha, mwanangu. Twende tukanywe chai." Kisha akamgeukia Jolyon. "Asante sana. Umetuvumilia."

Asante! Dakika ile nilimdharau mama kuliko nilivyomdharau yule kijana. Mgahawani nilimsema bila huruma. Nilimwambia watu wa aina yake ndio wanaowafanya akina Jolyon wanenepe kiburi, kwamba hata angenyang'anywa nyumba angewafungulia mlango. Alipaka jemu kwenye skonzi yake, akaongeza malai ya maziwa juu, akaniacha nimalize.

Halafu akafungua mkoba. Ndani yake hamkuwa na dawa. Mlikuwa na bisibisi ya baba, ile ya mpini mwekundu, skrubu zimefungwa katika leso, na kibao cha shaba.

"Mama! Umekitoa saa ngapi?"

"Ulipoanza kulisema lile puto." Alikifuta kibao kwa leso, akakisimamisha kwenye jagi la maziwa. "Enid wa kanisani aliliona benchi mle ukumbini wiki iliyopita."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefoka kwenye simu, hasira zikaisha. Mimi nilitaka ufokee pale. Nilihitaji mtu mwenye mdomo wa baba yako, ili wote wamtazame yeye."

Alijimiminia chai, akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini.

"Maji ya kuoshea vyombo," mama alisema, kwa sauti, na wote wa meza ya jirani wakageuka.