Seli za Goigoi

…na leo ndiyo zimeamua kuchangamka, leo, si juzi wala jana, anaziona kwenye hadubini, nono, zimejikusanya vishada vishada, seli za kinga za mgonjwa mmoja, zilizotolewa kwenye damu yake, zikafundishwa humu maabara kuijua saratani yake na kuiandama, kisha zikalishwa ziongezeke ili arudishiwe, na muda wote huo zilikuwa zinasuasua tu mpaka akazibandika jina, Goigoi, maana mafundi wa hapa hawaruhusiwi kujua jina la mgonjwa, wanapewa namba, na namba haitaniki… amka we Goigoi, mwenyewe anakungoja, alikuwa akiziambia kila akifungua kabati la joto, wenzake hoi kwa kicheko, haya, zimeamka, na mwenyewe kafa. Amefariki alfajiri, ndivyo msimamizi alivyosema sasa hivi kwenye spika, kasimama kule nyuma ya kioo, mwaga klorini, anasema, tunaihitaji nafasi, na chupa ya klorini iko mkononi, kizibo kimeshafunguliwa, na mkono hautaki, hautaki kabisa, kwa nini umwagie dawa kitu kizima… Si ubishi, kanuni anaijua, hizi hapewi mtu mwingine, zitaugeukia mwili wake, ni za mmoja tu na huyo mmoja hayupo, lakini tazama, ile pale imebanwa kiunoni, iko nusu njia kuwa mbili, inajiandaa kwa kazi ambayo haipo tena, nani wa kuiambia… maziwa hayajui kama mtoto kafa, mama alisema hivyo, siku ile wametoka kumzika kitinda mimba, na mama kaketi ukingoni mwa kitanda anakamua maziwa kikombeni, gauni limelowa kifuani, shangazi kasimama mlangoni, wifi, mwaga tu yaishe, usijitese, na mama akamjibu, toka, funga mlango, na yeye, bado mtoto mdogo, akadhani mama kamkasirikia shangazi, miaka yote hii anadhani hivyo…

“Unanisikia lakini?” spika inauliza.

Namsikia, mbona namsikia, asubiri… na huko kwa marehemu sasa hivi watu wanaingia na pole zao, wanalia, wanajua mtu wao kaondoka kabisa, hakuna aliyewaambia kuwa kuna kipande chake kimebaki hapa, kina joto, kinakula, na wa kukililia ni yeye peke yake, asiyejua hata kama ni baba wa mtu au mtoto wa mtu, na badala ya dua alikuwa akikirushia utani, Mungu wangu, inauma, inauma kama kafa mtu wa kwao… kumbe mama hakuwa na hasira. Mama alikuwa anazika mara ya pili, na hakutaka mtu wa kumharakisha. Basi atamwaga, sasa anajua atamwaga, nani mwingine wa kumwaga, ila chozi limeshaingia ndani ya barakoa na kwa glavu hizi halifutiki, chupa bado iko palepale hewani, na ile seli nayo haijamaliza kugawanyika.

“Kuna tatizo?”

“Hakuna, bosi,” anasema. “Naomba tu uzime spika.”