Posa ya Mshipa wa Mguu

Usiku wa kuamkia leo, siku ya kupasuliwa kifua, niliota watu wamekuja kuposa mguuni kwangu.

Nimekaa mkekani ukumbini. Daktari Kapinga, mpasuaji wangu, amevaa kanzu juu ya nguo zake za kijani. Yeye ndiye mshenga, na anazungumza na kisigino changu cha kulia.

"Shangazi, tumekuja kuomba mshipa mmoja. Mishipa inayoulisha moyo wa mzee huyu imeziba kwa mafuta. Binti yenu tutamuunganisha pale, damu ipite kwake, ikwepe palipoziba."

Kisigino kinakohoa. "Binti yetu ana vilango ndani, vyote vinafunguka kuelekea juu. Mkimweka vibaya, damu itagonga bure."

"Tutamgeuza."

"Haya. Mahari yetu, atembezwe kila asubuhi. Na sigara isiingie nyumbani kwake."

Mguu ni wangu, lakini hakuna aliyeniuliza. Hata hivyo ninaitikia haraka, nisije nikanyimwa.

Mara ukumbi umekuwa kifua changu, kimefunguliwa, na moyo umo ndani unafanya kazi. Sikuwahi kuuona. Ninaona haya, kwa jinsi nilivyoutumikisha.

Mashine iliyo kando inauambia, "Pumzika, ndugu yangu. Damu nitazungusha mimi."

"Sijapumzika tangu tumboni mwa mama yake," moyo unajibu. Kisha unasimama.

Kimya kile sijapata kukisikia popote. Daktari anashona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Nasema kweli, niliogopa. Je, moyo ukinogewa na usingizi, usitake kurudi? Na mke wangu Biubwa ananingoja nje.

Mshipa, sasa umeshashonwa mahali pake, unaugusa moyo taratibu. "Mume wangu, amka. Chakula tayari."

Moyo unashtuka. Unapiga mara moja, unafikiri, unapiga tena. Nikalia kama mtoto.

Muuguzi akaniamsha. Alikuja na dawa ya kuuosha mguu kabla sijapelekwa chumba cha upasuaji. Biubwa alikuwa amenishika mkono.

Muuguzi akafunua shuka, akaduwaa.

"Baba, nani amekupaka hina kisiginoni?"

Nikamwambia Biubwa kwamba leo kuna harusi. Akainama, akaigusa ile hina, ikamganda kidoleni, bado mbichi. Akafuta machozi, akapiga kigelegele, wodi nzima ikageuka kututazama.