Komamanga la Fedha Lililopinda

Miaka thelathini na mmoja Hanok Chincholkar alikuwa mukadam, yaani mkuu, wa Wayahudi wa kijiji chao cha Konkan, pwani ya India. Ndiye aliyesimamia harusi zao, akaamua ugomvi wa minazi, akawaosha wanaume waliofariki. Na kila Sabato yeye ndiye aliyelibeba gombo la Torati, ingawa mikono ilishaanza kutetemeka na watu walishamwomba awaachie vijana.

"Siku nikishindwa nitawaambia," alikuwa akijibu.

Jumatano aliingia sinagogi peke yake kulipangusa kasha la gombo. Likamponyoka, gombo likiwa ndani. Lilianguka sakafuni kwa kishindo, na pambo la juu yake, komamanga la fedha, likapinda. Alipiga magoti, akalibusu, akalirudisha mahali pake, akavuta pazia. Kwao Torati ikianguka, jamaa wote hufunga saumu, na aliyeiangusha hujitaja.

Hakujitaja. Alhamisi alifunga kimya kimya, akamwambia mkewe tumbo limechafuka.

"Mna nini nyie?" mkewe akalalamika. "Malkabai naye kapita hapa, kakataa chai yangu. Au nimetia chumvi?"

Malkabai alikuwa mjane aliyefagia sinagogi na kutia mafuta kwenye taa. Hanok hakuuliza zaidi.

Sabato asubuhi Samson, katibu, alivuta pazia ili gombo litolewe. Akaguta.

"Nani kapinda hili komamanga? Malkabai! Fagio lako limefika mpaka huku?"

 Upande wa wanawake Malkabai akasimama, ushungi umemfunika paji la uso.

"Fagio langu ni la sakafuni, mwanangu."

"Basi limepindwa na panya? Ufunguo unao wewe na Mukadam tu. Utaurudisha kesho, mama. Uzee nao una mwisho."

Mama wa watu akaketi. Wala hakumtazama Hanok, hata kwa pembe ya jicho, na hilo ndilo lililomchoma.  Alimwomba Mungu ampe neno, kumbe neno alikuwa nalo tangu Jumatano.

"Samson, mwache mama," alisema. "Ni mimi. Liliniponyoka, nikaficha."

 Samson alitazama chini.

"Basi tutafunga Jumatatu," akasema mwishowe. "Wote. Mama Malkabai, unisamehe."

"Nimekusamehe. Na Jumatatu nitafunga nanyi, ingawa saumu yangu niliitanguliza Alhamisi."

Hanok akamgeukia. "Kumbe uliniona? Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango, ndoo mkononi."

"Na ukakubali kutukanwa mbele za watu? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe, Mukadam."

Gombo lilikuwa bado linasubiri. Hanok akanyoosha mikono kwa mazoea, akaiona inavyotetemeka mbele ya watu wote. Akairudisha, akaibana kwapani, akasogea pembeni Samson apite kulibeba.