Kengele ya Wodini

Mwanamke aliyebeba keki hazuiwi mlangoni. Ndiyo maana nilioka ile aliyoipenda Hylke, yenye sukari ya rangi ya waridi juu, nikaficha bisibisi chini ya kitambaa, nikapanda basi kwenda hospitalini.

Kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, mwenye furaha ndiye anayelisha wengine. Mwanangu Hylke alipomaliza matibabu ya saratani ya koo, alipeleka keki wodini ingawa yeye mwenyewe hakuweza kuimeza. Akapiga kengele ya ukutani, ile inayopigwa na kila anayemaliza dawa. Wauguzi wakashangilia. Daktari Terpstra akamwambia, "Haya, nenda ukaishi!" Hakuna aliyemwuliza kama bado alitaka kuishi. Kabla theluji haijayeyuka, Hylke alijiua.

Basi nikaitaka kengele yao. Nilitaka kuitupa mferejini Terpstra akiona, naye aonje kunyang'anywa kitu.

Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, skrubu moja imeshatoka, muuguzi Froukje aliponikuta. Hakupiga kelele. Alikishika kiti kisiyumbe.

"Bibi Wytske, utaanguka."

"Nikianguka mtanipigia makofi?"

Terpstra akatokea. "Mama, tafadhali. Hata mimi kifo cha Hylke kimeniuma. Lakini sisi tulimponya."

"Mlimponya, akaingia kaburini mzima wa afya. Hongera, daktari!"

Alifungua mdomo, lakini nyuma yake akaingia mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, mikononi ana sanduku la keki, anatabasamu. Tabasamu lile nililijua. Hylke alikuwa nalo hadi siku ya mwisho.

"Naitwa Rixt," akasema. "Nimemaliza dawa. Nimekuja kupiga kengele."

Nikaifumbata kengele isilie. "Subiri, binti yangu. Umewahi kufikiria kujiua?"

"Mama!" Terpstra aling'aka. "Leo ni sherehe yake!"

Rixt hakukasirika.

"Kila siku," akasema. "Ila watu wamefurahi mno. Ningemwambia nani?"

Froukje akampokea sanduku, akamketisha, akamfunika mabega kwa sweta aliyoivua mwilini mwake. Nikashuka. Nilikuja kumwona daktari akiaibika, na sasa uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. Sikushiba.

"Mbona umesimama kama mlingoti? Muulize wewe. Mwanangu hukumwuliza."

Akapiga magoti mbele ya Rixt. Neno lenyewe likamshinda.

"Litamke," nikamwambia. "Halitakung'ata."

Akalitamka. Akamwuliza kama anawaza kujiua, kama ameshapanga namna, nani yuko naye nyumbani. Rixt alizungumza mpaka kahawa aliyoletewa na Froukje ikapoa. Kengele haikulia siku ile, wala Rixt hakurudi nyumbani peke yake.

Majuzi Rixt alinitania kwamba keki yangu ni ngumu kama tofali. Akala vipande viwili.

Siku hizi hapigi mtu kengele kabla hajaketi na kuulizwa, na baadaye huitwa aulizwe tena. Mimi hukaa kwenye ujia nikifuma soksi, nimsikie Terpstra akilitamka lile neno. Kengele imening'inia upande. Juzi daktari aliniletea kahawa, akaniomba kwa upole nimrudishie skrubu yake.

Kahawa niliinywa, ilikuwa nzuri.

"Skrubu hupati," nikamwambia. "Rudi ndani, kuna mgonjwa anakungoja."