Tairi za Kuvukia Mto Tyaa

Mwangangi aliamini kwamba adui wa safari ile alikuwa mchanga. Mama mkwe wake, Kanyiva, aliishi ng'ambo ya mto Tyaa, nje ya Mwingi, na kwa sehemu kubwa ya mwaka mto huo ni mchanga mtupu unaomeza magurudumu. Nduku, dada yake Kanyiva, alikuwa hoi kwa ugonjwa huko Kiboko, na ombi lake lilikuwa moja tu: amwone dada yake kabla hajafa. Mutindi, mke wa Mwangangi, alikuwa ametangulia kumuuguza. Mwangangi aliachiwa kazi ya kumleta Kanyiva kabla mvua haijajaza mto.

Muktar, muuza tairi mjini Mwingi, alimwonyesha njia mbili. Angeweza kubaki na rimu zake, akavika tairi pana za kimo kilekile, na kupunguza upepo kila afikapo mchangani. Au angechukua tairi za inchi thelathini na tano. Ila hizo zingekwaruza madigadi kila anapokata kona, hivyo gari lingehitaji springi za kuliinua. Mwangangi alikuwa amekwisha kuzipenda zile kubwa.

"Ndugu yangu, unanunua tairi au unajenga ghorofa?" Muktar aliuliza.

Mwangangi alicheka, akasema kwamba ghorofa haizami. Mutindi alipopiga simu kutaka kujua mama yake angepandaje, naye ni mfupi na magoti yamechoka, alijibiwa kwamba atainuliwa. Mwangangi hakujiuliza atainuliwa na nani.

Siku ya safari gari lilivuka mchanga kana kwamba lilikuwa juu ya lami, na Mwangangi akajisifu moyoni hadi alipofika uani. Kanyiva alikuwa tayari, amevaa kitambaa cha kanisani, mkoba mkononi. Alikitazama kipandio cha gari, kilichomfikia kiunoni, kisha akayatazama majivu ya jikoni kwake, kwa kuwa macho ya mkwe hayatazamwi. Ilikuwa siku ya soko la mifugo, na watu wenye nguvu walikuwa Mwingi. Aliyebaki jirani ni Syombua, mzee mwenzake.

Wote walikuwa Wakristo, na mchungaji alikuwa amekwisha kuhubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Lakini nthoni, heshima ya Wakamba kati ya mkwe na mama mkwe, haikuondoka kwa mahubiri. Mwangangi hakuwahi hata kumpa Kanyiva mkono. Alijificha nyuma ya zizi la mbuzi, akiwapa mgongo, huku Syombua akileta kigoda. Kigoda kiliyumba, Kanyiva akateleza na kuumia mguu. Mwangangi alilisogeza gari kwenye tuta la shamba, lakini mvua ilikuwa imeanza, na tuta likamomonyoka chini ya nyayo za mama yule.

Alijua kwamba kumbeba kungekuwa kazi ya kupumua mara moja. Alipiga hatua kutoka zizini, akasimama.

"Syombua, mwambie mwanangu asije," Kanyiva alisema. "Mtu hafuti heshima ya maisha yake kwa sababu ya gurudumu. Aende. Mto ukimfungia huku, nani atampeleka Nduku hospitali?"

Mwangangi aliondoka. Maji ya kwanza, mekundu, yalikuwa yakiteremka Tyaa, na tairi zile ndefu zikayapita bila shida, zikiwa zimebeba kiti kitupu.

Nduku alifariki mto ukiwa bado umefurika. Mutindi alisema kwamba hadi mwisho aligeuza kichwa kila aliposikia gari.

Mwangangi alirudisha tairi za zamani na springi zake. Muktar alizifunga mwenyewe, na safari hii hakutania.

Maji yalipopungua, Mwangangi na Mutindi walikwenda kumchukua Kanyiva aone kaburi. Mutindi alinyoosha mkono, lakini mama yake alikanyaga kipandio, akashika mlango, akaketi bila kushikwa.

"Mwambie mume wako," alisema akitazama dirisha la upande wa pili, "gari sasa linanitosha."

Mtoni Mwangangi alishuka, akapunguza upepo gurudumu moja baada ya jingine. Gari likavuka taratibu. Halikuzama popote.