Waya Juu ya Paa la Kanisa

Koleo, kama walivyomwita kwa sababu ya kifaa kisichomtoka mkononi, alikuwa amekata umeme wa watu wengi na usiku akalala fofofo. Jumamosi ile kazi ilimfuata mpaka kanisani kwake.

Alikuwa mkaguzi wa mita. Umeme ulikuwa ukipotea mtaa ule kiasi cha kutisha, bosi akamtuma, naye akapita nyumba kwa nyumba asipate kitu. Kanisani aliingia kutimiza wajibu tu. Kwaya ilikuwa kwenye mazoezi, spika zinanguruma, feni zote zinazunguka, na mita ukutani imetulia tuli kama imefiwa. Akafuata waya kwa macho mpaka juu ya paa, akaona ulivyochepushwa kutoka kwenye nguzo. Akatamani asingalitazama juu.

Maana kanisa hilo ndilo lililomwokota. Pombe ilikuwa imemla mpaka mkewe akaondoka na kazi ikamponyoka, asibaki na wa kumjulia hali. Mchungaji ndiye aliyekwenda naye kwa bosi, akamdhamini kwamba mtu huyu hatadanganya tena kazini. Watu wa kanisa ndio jamaa pekee aliokuwa nao. Akiukata ule waya, nani atampokea tena?

Akaegemeza ngazi, akapanda. Mzee wa kanisa, seremala mwenye sauti ya kuamrisha hata mbao, akatoka nje.

"Unafanya nini huko juu?"

"Nakata, mzee. Huu umeme haupiti kwenye mita."

"Najua. Niliuunga mimi. Kijana wangu, sisi tunamtii Mungu. Mambo ya serikali waachie watu wa dunia."

"Si ninyi mlionifundisha kwamba anayemtii Mungu hakwepi sheria za nchi? Tunawaombea viongozi kila wiki, mzee. Tukisema amina halafu tukawaibia, hapo tumeomba nini?"

"Tulikuokota mtaroni. Kumbe kweli shukrani ya punda ni mateke."

Neno hilo lilimchoma. Akakata hivyo hivyo. Ndani feni zikalegea, zikasimama, na kwaya ikanyamaza katikati ya wimbo. Akaandika taarifa ya kazi kama sheria inavyotaka, bila kuficha kitu.

Jumapili hakwenda ibadani. Aliketi kitandani amevaa suruali ya kanisani na fulana, akijiambia kwamba yaliyopita si ndwele, na yeye mwenyewe haamini hata neno moja. Alijua wenzake wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo, na kila mmoja anajua joto hilo limeletwa na nani. Kwa hesabu yake mahubiri yalikuwa yanakaribia kwisha mlango ulipogongwa.

Alikuwa yule mzee, jasho linamchuruzika, koti mkononi.

"Vaa shati," alisema. "Mchungaji amekataa kufungua ibada."

"Kwa nini?"

"Nimemweleza yote, na matusi yangu pia. Akaniambia, kamlete uliyemfukuza, sisi tutawasubiri." Mzee akainamisha macho. "Watu wamekaa tangu asubuhi, mpaka watoto. Hakuna aliyeondoka."

Koleo akachukua shati.

"Na kesho nakwenda ofisini kwenu kusema ni mimi niliyeuunga. Iwe faini, iwe mahakama, nitatii. Ila mwanangu, naogopa. Utanisindikiza?"

"Nitakusindikiza, mzee. Na sitakuacha mlangoni."

Walitembea haraka, mzee akihema, Koleo akifunga vifungo vya shati njiani. Kanisani kulikuwa na joto la tanuri na hakuna aliyelalamika. Wa benchi la mbele wakabanana, wakampa nafasi. Alikaa amejaa shukrani, asijue amshukuru nani kwanza.

Mchungaji alisimama bila kipaza sauti, akawatazama wote.

"Sasa tumetimia," alisema. "Tuombe."